Nati ya Shingo

Mhandisi Foram hakuwa na subira na watu wanaojibu wasichoulizwa, na asubuhi ile aliyekuwa akijibu hivyo alikuwa Inspekta Eveline Kalinga.

Walikuwa wamechuchumaa kando ya pikipiki ya marehemu Nadeem, katika uwanja wa kuhifadhia magari ya ajali nje kidogo ya Mafinga. Ukungu ulikuwa bado umeng'ang'ania misonobari ng'ambo ya uzio. Pikipiki yenyewe ilikuwa kubwa, ya zile za safari ndefu, zenye kioo cha kukinga upepo na kiti kipana kama kochi. Sasa ilikuwa imelazwa ubavu, kioo kimepasuka na bomba la moshi limebonyea. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilimwita Foram aje kutoa maoni ya kitaalamu kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Alifundisha mambo ya mitambo chuoni Mbeya, mwenyewe aliendesha pikipiki kama hiyo, na hakuona sababu ya kuficha kwamba kazi yake anaijua.

"Nimeuliza nani aliilegeza nati hii," alisema. "Wewe unaniambia uliikutaje."

"Hakuna aliyeilegeza. Fundi hakuikaza," Eveline alijibu. "Ndiyo maana yuko ndani."

Foram hakubishana. Aliuchukua mkono wa Inspekta, akakiingiza kidole chake kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapozungukia, ambapo tayari alikuwa ametoa beringi.

"Pitisha kidole. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Ni laini."

"Hilo ndilo tatizo lako."

Kisha akaeleza, taratibu, kama anayejua kwamba maelezo yake yatakuja kurudiwa mahakamani. Nati ya shingo ndiyo inayoishika sehemu ya mbele yote. Ikilegea, kila tuta na kila shimo huifanya beringi igonge kikombe chake, ile pete ya chuma inamokaa, kama nyundo, na kikombe kinatoboka vidonda. Kutoka Mwanjelwa kule Mbeya, fundi alikoitengenezea, hadi mteremko wa baada ya Nyororo, Nadeem alikoangukia, ni safari ya nusu siku yenye matuta yasiyohesabika. Kikombe hiki hakikuwa na hata mchubuko. Tena vumbi jekundu la ajali lilikuwa limeganda juu ya nati yote, isipokuwa pembe mbili zilizokuwa zinang'aa, pale spana ilipoteleza.

"Pikipiki ilisafiri imekazwa vizuri," alisema Foram. "Ikaanguka imekazwa vizuri. Aliyeilegeza aliilegeza ikiwa imeshalala chini na vumbi lake."

Eveline alisimama. Miguu ilikuwa imemfa ganzi, akajifanya anainyoosha, ila kwa kweli hakutaka Foram amwone usoni. Siku ya ajali yeye mwenyewe aliushika usukani huu wakati vijana wa kreni wakiipandisha pikipiki kwenye lori, akaugeuza kulia na kushoto. Haukucheza. Baadaye, alipokuja kuikagua uwanjani na kukuta nati imelegea, alijiambia kwamba siku ile kichwa hakikuwa sawa, kwamba mtu aliyetoka kufunika maiti hawezi kukumbuka usukani ulivyokaa. Akaamini macho ya siku ya ukaguzi, akaenda Mwanjelwa kumkamata fundi Isihaka.

Alimkamata mchana, soko limejaa. Isihaka alikuwa na mikono imejaa grisi, akaomba anawe kwanza. Eveline alimnyima. Alidhani anatafuta mwanya wa kukimbia. Mtu yule alipandishwa kwenye gari la polisi mikono ikiwa vile vile, mkewe Mwanakhamisi akiwa amesimama na kitenge mdomoni, na umati ukiulizana ni yupi aliyeuawa. Kwa sababu hiyo, dhamana ilipotolewa, hakuna hata mmoja aliyejitokeza kumdhamini.

"Nani aliingia humu baada ya ajali?" Foram aliuliza.

"Geti lina kufuli. Ufunguo ninao mimi."

"Basi uliingia wewe."

"Na mmoja zaidi," alisema Eveline, na hakumtaja.

Mzee Bipin, mwenye duka la vyuma Mbeya na kiwanda cha mbao Mafinga, ndiye aliyekuwa safarini na Nadeem, kila mtu juu ya pikipiki yake. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayeheshimika. Alikuja baada ya maziko, kabla Eveline hajaikagua pikipiki, akaomba kuchukua tasbihi ya marehemu iliyobaki chini ya kiti, kisha akaomba aachwe peke yake kidogo amlilie rafiki yake. Eveline alimfungulia geti kwa mkono wake mwenyewe, akatoka nje kuongea na simu. Hata mfuko wa koti hakumpekua. Isihaka alinyimwa maji ya kunawa. Bipin alipewa faragha na kidhibiti cha kesi.

Foram alikuwa ameshahamia nyuma ya pikipiki. Sahani ya chuma ya kubebea boksi la mizigo ilikuwa imepinda kuelekea chini, na matundu yake ya boliti yametanuka.

"Boksi liko wapi?"

"Liliibwa eneo la ajali. Tulihoji vijiji vyote viwili vya jirani."

"Lilikuwa na nini?"

"Nguo, kwa maelezo ya Mzee Bipin."

Foram aliitazama sahani iliyopinda. "Nguo za chuma, labda."

Akamweleza jambo la mwisho kabla ya kunawa mikono. Pikipiki kubwa huyumba kwa namna mbili. Ubovu ukiwa mbele, usukani hutetemeka haraka haraka mikononi mwa dereva, kama mtu mwenye homa. Lakini mzigo mzito ukikaa juu na nyuma kabisa, mbele panakuwa pepesi, na pikipiki nzima inaanza kujipinda pole pole, mkia ukienda huku na huku kama nyoka, na kila mpindo ni mkubwa kuliko uliotangulia. Dereva akishtuka akafunga breki, amekwisha.

"Una shahidi aliyeiona?" aliuliza.

Eveline alikuwa naye. Alimhoji kwa swali moja tu.

*

Dastan aliendesha lori la magogo. Siku ya ajali alikuwa nyuma ya zile pikipiki mbili, na ndiye aliyepiga simu polisi. Eveline alimkuta kwenye foleni ya kupakua, chini ya lundo la magogo ya msonobari yanayochuruzika utomvu, akila mahindi ya kuchoma. Aliposalimiwa "kamwene" kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hakuitarajia kwa afande, aliweka gunzi chini.

Mara ya kwanza Eveline alimuuliza kama pikipiki iliyumba. Dastan alijibu iliyumba, Eveline akaandika usukani ulitetemeka, akamsomea, na Dastan akaweka dole gumba kwa kuwa alikuwa na haraka na mzigo wake. Sasa alimwomba asimulie bila kukatizwa.

Dastan alinyoosha mkono mbele, akaufanya uwe pikipiki. Kifundo kilitulia, vidole vya mbele vilitulia, ila kiwiko kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikazidi, kikazidi. Alisema mwenye pikipiki alikuwa ameushika usukani sawasawa, amenyooka. Tatizo lilitokea nyuma, kwenye boksi. Boksi lilikuwa linamburuta kama mbwa anavyoburuta kamba. Kisha taa ya breki ikawaka.

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Hukuniuliza, afande."

Eveline alikubali kwa kichwa. Halafu akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: boksi lilikwenda wapi?

Dastan aliangalia magogo, akaangalia viatu vyake. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja mlango ugongwe na sasa umegongwa. Alisema boksi alilibeba yeye. Mzee Bipin alilifungua kwa spana pale pale barabarani, kabla polisi hawajafika, huku machozi yanamtoka, akamwomba alifikishe kiwandani kwake. Ndani mlikuwa na shafti fupi ya msumeno na puli zake mbili za chuma, yale magurudumu ya kupitishia mkanda. Msumeno wa kiwanda ulikuwa umekufa na watu wamekaa bila kazi. Kulipandisha boksi kwenye lori walisaidiana watu wawili.

"Nilidhani ni haki yake," alisema. "Mali ni yake. Halafu nikasikia mmetangaza limeibwa, na watu wa kijijini wanapekuliwa majumbani. Nikaona nikisema, mimi ndiye mwizi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nikipita pale na lori, watoto wa kile kijiji wananipungia mkono. Naona haya hata kupiga honi."

Kule kiwandani shafti ilikuwa imeshafungwa kwenye msumeno na inazunguka. Boksi walilikuta nyuma ya stoo ya kiwanda, limepasuka pembe moja, na ndani yake sakafu imebonyezwa kwa duara mbili za puli. Eveline alilipiga picha, akalifunga na kulitia lakiri, akamchukua Dastan maelezo mapya. Safari hii alimsomea neno kwa neno, akamuuliza mara mbili kama ndivyo alivyosema.

*

Kilichobaki kilikuwa kujua mzigo ulipakiwa wapi. Kama ulitoka Mbeya, wakili yeyote angesema Isihaka aliuona akanyamaza. Eveline akashuka Mbeya, nyumbani kwa Noorjahan, mjane wa Nadeem.

Noorjahan bado alikuwa edani. Alimpokea sebuleni, kwa adabu, bila uchangamfu. Aliposikia Inspekta anauliza kuhusu ujumbe wa sauti ambao Nadeem alimtumia wakiwa njiani, aliichukua simu mezani.

"Nilikupa simu ile siku ya kwanza," alisema. "Ulisema hayo ni mazungumzo ya mtu na mkewe, tena kwa Kikachi, lugha yenu ya nyumbani, hayana kazi polisi."

Ilikuwa kweli. Siku ile Eveline alijiona muungwana. Sasa aliona kwamba ulikuwa uvivu uliovaa kanzu.

Noorjahan aliucheza ujumbe, akawa anausimamisha na kuutafsiri, sauti ikimkauka. Nadeem alikuwa Makambako, wamesimama kunywa chai. Alikuwa anacheka. Alisema Isihaka amefanya maajabu. Springi ngumu alizoweka mbele, lile pande la chuma linaloziunganisha shokapu mbili, bushi mpya za nyuma, vyote vimeigeuza pikipiki. Zamani upepo wa malori ulikuwa unaitikisa hadi anaumwa mabega. Leo malori yanapita na yeye ameshika usukani kwa vidole viwili. Akamwambia mkewe kwamba mwezi ujao watakwenda wote, hataogopa tena kukaa nyuma.

Halafu, mwishoni, sauti ilishuka kidogo. Gurudumu la Bipin linapungua upepo, alisema, kwa hiyo amemwomba ampunguzie mzigo wake mpaka Mafinga. Isihaka aliwaonya wote wawili wasiweke kitu kizito kwenye boksi la nyuma. Lakini mzee akikuomba utamwambiaje hapana.

Noorjahan alizima simu. Alikuwa ameusikiliza ujumbe huo mara nyingi, alisema, na kila mara aliishia pale penye safari ya mwezi ujao. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno ya mwisho yana maana kwa mtu mwingine.

"Kwa hiyo fundi hakumuua," alisema.

"Hapana."

"Mkewe alikuja hapa kunipa pole. Sikumfungulia."

Akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Eveline alijua kwamba aliyemfungia Mwanakhamisi mlango ule kwa hakika alikuwa yeye mwenyewe.

*

Mzee Bipin alikuwa nyuma ya kaunta, anampimia mteja misumari. Alipomwona Inspekta ameingia na boksi lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, alimaliza kupima, akamfungia mteja mzigo wake, akamtakia siku njema. Kisha akavuta stuli, akakaa.

Hakukana. Eveline alimweleza haki zake, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba anaweza kumwita wakili. Mzee alitikisa kichwa akasema amechoka kunyamaza.

Alisema alikuwa mbele, alimwona Nadeem kwenye kioo, anapinda, anapinda, kisha hayupo. Alipomfikia alikuwa ameshakata roho. Kitu cha kwanza alichokifikiria, alisema, hakikuwa Nadeem. Kilikuwa shafti. Kwamba watu watakuja, watafungua boksi, watajua rafiki yake kafa kwa ajili ya chuma cha kiwanda chake, tena fundi aliwaonya. Akaiondoa. Na ukishaondoa kitu, watu wanataka sababu nyingine.

"Spana ulikuja nayo uwanjani makusudi?"

"Huwa ninayo kwenye koti. Niliingia kumlilia, na nilimlilia kweli. Halafu nikaona nati."

"Ulijua nani angekamatwa."

"Nilijua." Aliuegemeza mkono wake kwenye mizani. "Kifungo sikiogopi, binti yangu. Nilishindwa kuwaza nitakaaje msikitini kwao siku ya hitima, mama yake Nadeem ananiangalia, anajua. Hiyo tu. Nilikuwa tayari kwa lolote isipokuwa yule mama kuniangalia."

"Ukaona bora aibu hiyo aibebe Isihaka."

Mzee Bipin aliinua macho. Hayakuwa na hasira.

"Mimi nililegeza nati," alisema. "Kumbebesha, ulimbebesha wewe. Mimi nilidhani polisi watanirudia kunihoji hata kidogo. Nilijiandaa. Hakuna aliyeniuliza tena."

Eveline alimfunga pingu mbele, kwa upole, akamwuliza kama anataka kufunga duka kwanza. Alifunga mwenyewe, kufuli moja baada ya nyingine, kisha wakaondoka kwenda kituoni.

*

Mkuu wake, ofisini Iringa, alimsifu. Kesi ilikuwa imekaa vizuri: boksi, Dastan, ujumbe wa sauti, maoni ya mhandisi, na maungamo. Bipin angeshtakiwa kwa kuharibu ushahidi na kutoa taarifa za uongo, na Isihaka angefutiwa shauri. Alishauri tu kwamba habari ya geti isiandikwe. Ingetosha kusema mtuhumiwa alijipenyeza.

"Geti nilimfungulia mimi," Eveline alisema. "Na usukani niliushika mimi siku ya ajali, haukucheza. Mimi ni shahidi, mkuu. Mpelelezi wa kesi atafutwe mwingine."

Mkuu alimkumbusha cheo kinachokuja. Alimkumbusha pia kwamba wakili wa Bipin atamvua nguo kizimbani. Eveline alisema anajua, akaacha maelezo yake mezani na kutoka. Hakukuwa na ushujaa wowote ndani yake. Alitamani tu kitu hicho kiishe.

Siku Isihaka alipofutiwa mashtaka, alimngoja nje ya mahakama. Fundi alitoka amekonda, shati limemzidi, Mwanakhamisi amemshika kiwiko. Eveline alimwambia yote, hakuruka kitu: kikombe cha beringi, geti, swali moja kwa Dastan, simu aliyoikataa. Akamwomba radhi. Akamwambia pia Nadeem alivyosema kuhusu pikipiki kule Makambako, vile vidole viwili.

Isihaka alisikiliza akiangalia barabara. Kwa habari ya vidole viwili, alivitazama vyake.

"Nimekusikia," alisema. "Tumesikia watatu. Mimi, mke wangu, na hili lori linalopita. Ulinikamata mbele ya watu wangapi?"

Isihaka akaiacha barabara, akamgeukia.

"Nikirudi kufungua banda, watasema nimehonga. Sitaki pole yako hapa, afande. Ilete kule."

Alikwenda. Angeweza kungoja, kanuni hazikumlazimisha, na rafiki zake kazini walimwambia atajidhalilisha bure. Alifika Mwanjelwa mchana, amevaa sare, soko limejaa kama siku ile. Isihaka alikuwa amesimama mlangoni mwa banda lake, hajafungua. Wauza viatu walimtambua Inspekta, wakaanza kuitana. Mama mmoja wa ndizi aliuliza safari hii wanamchukua nani.

Eveline alipanda juu ya kreti la soda ili aonekane. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Alisema jina lake na cheo chake. Alisema fundi Isihaka hakufanya kosa lolote, kazi yake ilikuwa salama, marehemu aliisifu, na aliyekosea ni yeye Eveline Kalinga, aliyemkamata bila kuuliza, akamwamini mtu mwenye duka kuliko mtu mwenye spana. Sauti ilimkatika katikati, akakohoa, akaendelea mpaka mwisho. Mtu alicheka mahali fulani. Mwingine akamnyamazisha.

Halafu kutoka nyuma kabisa, kwenye vibanda vya mitumba, mwanamke akapaza sauti akasema huku hatujasikia, afande, umesema nani kakosea?

Eveline alimtazama Isihaka. Isihaka hakumwondolea macho.

Akavuta pumzi, akaanza upya.